Kobalti ilibebeshwa jina la kibwengo kwa kosa la arseniki

Jiwe lenyewe ni zito, lina mng'ao wa kijivu cheupe kama fedha iliyokatwa sasa hivi, na linatoka katika mshipa uleule unaotoa fedha ya kweli. Mchimbaji wa Schneeberg, mji wa Saxony uliovuma kwa fedha kuanzia miaka ya 1470, hakuwa na sababu ya kulitilia shaka. Alilipondaponda, akaliosha, akalitia tanurini pamoja na risasi na makaa, mivukuto ikapigwa. Kwa kawaida fedha huyeyuka na kujificha ndani ya risasi, kisha risasi huchomwa hadi iondoke na fedha ibaki peke yake. Safari hii alipata vitu vitatu ambavyo hakuviagiza: moshi mweupe unaonuka kitunguu saumu, bonge la kijivu lililo gumu na jepesi kuvunjika, na fedha pungufu kuliko ile ambayo jiwe liliahidi.

Lawama akaitupia kobold. Katika imani za Wajerumani, kobold ni kibwengo: kiumbe kifupi, mjanja, anayeishi nyumbani kwa watu au chini ya ardhi, anayesaidia akipenda na kuharibu akikasirika. Wachimbaji walisema kobold ameiba fedha usiku na kuacha mawe ya bure mahali pake. Jina la mwizi likahamia kwenye jiwe, na miaka 200 na zaidi baadaye likatoka kwenye jiwe na kuhamia kwenye elementi namba 27, alama Co. (Andika herufi ya pili kwa udogo. CO ni gesi ya monoksidi ya kaboni, na hilo ni kosa la kila mwaka kwenye karatasi za mitihani.)

Vitabu vingi vya shule hueleza hadithi hii kwa sentensi mbili kisha vinaendelea, kana kwamba ni ushirikina wa watu wa zamani tu. Naona vinaliacha jambo kubwa zaidi. Karibu kila tabia iliyofanya jiwe lile lilaaniwe haikuwa ya kobalti. Ilikuwa ya arseniki.

Tazama kilichotokea tanurini. Mawe ya kobalti ya Erzgebirge, milima ya madini iliyo mpakani mwa Ujerumani na Ucheki, ni ya aina ambayo kobalti imefungamana na arseniki. Kobaltiti ni CoAsS, yaani kobalti, arseniki na salfa. Skuteruditi ina arseniki nyingi zaidi, karibu atomi tatu kwa kila atomi ya kobalti. Kwa uzito, sehemu kubwa ya jiwe lile ni arseniki. Ukilichoma penye hewa, arseniki huungana na oksijeni na kuwa trioksidi ya arseniki, unga mweupe unaoanza kupaa kwenye joto la nyuzi 200 hivi za Selsiasi. Kufika nyuzi 962 ambako fedha inayeyuka, moshi huo ulikwisha kujaza kibanda zamani. Ni sumu ya kuua, na kwa kuwa unga wenyewe hauna ladha ya kumshtua mtu, ndiyo iliyotumika karne nyingi kuulia panya na, kwa bahati mbaya, binadamu.

Lile bonge la kijivu nalo lina maelezo yake. Arseniki isiyopata nafasi ya kupaa huungana na kobalti, nikeli na chuma kilichomo kwenye jiwe, na kutengeneza tabaka ambalo Wajerumani huliita Speise. Ni jepesi kuliko risasi lakini zito kuliko takataka za tanuri, kwa hiyo hukaa katikati ya hayo mawili, na hunasa sehemu ya fedha iliyokuwa inashuka kwenda kwenye risasi. Kwa hiyo aliyesema ameibiwa fedha alikuwa na haki ya kulalamika. Fedha ilikuwa imeibwa kweli, mwizi akiwa tabaka la arseniki lililokaa njiani. Kobalti yenyewe isingeweza kuleta taabu hiyo: huyeyuka nyuzi 1495, na katika tanuri la fedha oksidi yake ingezama kwenye takataka kimya kimya na kuzipaka rangi ya buluu.

Shahidi bora wa mambo haya ni Georgius Agricola, daktari aliyefanya kazi Joachimsthal, ng'ambo ya Bohemia ya milima hiyohiyo, mwishoni mwa miaka ya 1520. Alikufa 1555, na kitabu chake kikubwa cha uchimbaji, De re metallica, kikachapishwa Basel mwaka uliofuata. Ndani yake anataja aina ya madini ambayo ikilowa hula miguu na mikono ya wafanyakazi, na kudhuru mapafu na macho. Hilo ndilo walilokuwa wakiliita cobaltum. Tena anaorodhesha kinga: buti ndefu za ngozi, glavu zinazofika kwenye kiwiko, na kitambaa cha kufunika uso kuzuia vumbi. Anayevalishwa hivyo hapigani na jini, anapigana na kemikali. Maji ya mgodini yanayopita kwenye mawe haya huyeyusha chumvi za arseniki, na ngozi iliyokwaruzika ikikaa ndani ya maji hayo kutwa nzima hutokwa na vidonda visivyopona.

Mtu huyohuyo, mwaka 1549, alichapisha kitabu kidogo kuhusu viumbe wa chini ya ardhi, na humo mashetani wa mgodini wamo pia. Anawagawa mafungu mawili. Wapo wakali, na wapo wapole, wafupi, wenye sura za wazee, waliovaa kama wachimbaji, wanaozunguka mashimoni wakijifanya wana kazi nyingi ilhali hawafanyi chochote. Wakati mwingine hurusha changarawe, lakini hawadhuru mtu asipowachokoza. Msomi yule aliyejua uzito wa risasi katika kila jiwe hakuona tabu kuyaweka mambo haya mawili kwenye kazi zake. Tusimcheke. Katika mashimo yale kulikuwa na mgeni mwingine asiyeonekana, gesi ya radoni inayotoka kwenye urani iliyomo katika mishipa ileile. Agricola anaeleza kwamba kwenye migodi ya Karpathia wanawake wengine waliolewa na waume saba, wote wakafa kwa maradhi ya mapafu. Ugonjwa wa mapafu wa wachimbaji wa Schneeberg ulikuja kutambuliwa kuwa saratani mwaka 1879, na madaktari Härting na Hesse.

Kwa kuwa tumefika Joachimsthal: fedha ya bonde hilo ilipigwa sarafu kubwa zilizoitwa Joachimsthaler, zikafupishwa kuwa thaler, na kutoka hapo ndipo tulipopata neno dola. Thaler ya Maria Theresa, ile yenye mwaka 1780 hata ikipigwa karne nzima baadaye, ilitembea pwani yetu ya Unguja na Mombasa, na watu wakiiita reale ya Sham. Dola na kobalti, basi, ni majina ya milima ileile: moja la jiwe lililotoa fedha, jingine la jiwe lililokataa.

Kuhusu asili ya neno kobold lenyewe, wataalamu wa lugha hawajakubaliana. Wengi wanalipasua vipande viwili vya Kijerumani cha kale, kimoja cha chumba au kibanda na kingine cha anayetawala, yaani bwana wa nyumba asiyeonekana. Agricola mwenyewe alilihusisha na neno la Kigiriki kobalos, mtu wa hila. Naielemea ile ya kwanza, kwa sababu kobold wa nyumbani anajulikana katika maeneo ya Ujerumani yasiyokuwa na mgodi wala Mgiriki. Wasomi wa enzi za Agricola walikuwa na mazoea ya kukitafutia kila kitu babu wa Kigiriki.

Sasa sehemu ambayo naiona tamu kuliko zote. Jiwe hili lililotupwa kwenye marundo ya marudio, yaani mabaki ya mgodi, lilikuwa na kazi moja liliyoifanya vizuri kuliko jiwe lolote: kutia kioo rangi ya buluu. Masimulizi ya Saxony humtaja mtengeneza vioo Christoph Schürer, karibu na 1540, kuwa ndiye aliyejaribu mawe hayo katika tanuri lake la kioo na kuona buluu ikitoka. Ukweli wa mtu huyu mmoja siwezi kuuapia, ila biashara iliyofuata haina shaka. Viwanda vya rangi ya buluu vilienea bondeni, na bidhaa yao, smalti, ikauzwa Ulaya nzima kwa wafinyanzi, wachoraji, watengeneza karatasi na wapiga pasi.

Smalti ilitengenezwa hivi. Kwanza, mawe yaliyopondwa yalichomwa katika tanuri la moto wa kupitia juu, yakigeuzwa-geuzwa kwa reki ndefu ya chuma ili hewa ifike kila upande. Moshi ulipelekwa kwenye mfereji mrefu wa matofali wenye vyumba, ambamo arseniki iliganda ukutani kama theluji. Kuikwangua ilikuwa kazi iliyoogopwa kuliko zote, ila arseniki hiyo nayo iliuzwa. Uchomaji ulihitaji jicho la mzoefu. Ukiiondoa arseniki nusunusu, rangi inachafuka na bonge la Speise linakuwa kubwa mno. Ukipitiliza, nikeli nayo inageuka oksidi, inaingia kwenye kioo, na buluu yako inaelekea kahawia. Fundi mzuri aliacha arseniki kidogo kwa makusudi, kwa sababu nikeli hupenda kubaki na arseniki wakati kobalti inatangulia kuungana na oksijeni.

Baada ya hapo oksidi ilichanganywa na mchanga safi wa kwatzi na potashi ya majivu, ikatiwa kwenye vyungu vya udongo na kuyeyushwa kwa saa nyingi. Kioo cha buluu nzito kilielea juu, Speise ikazama chini ya chungu na kutolewa kwa tundu lake. Kioo kilichotwa kwa upawa na kumwagwa kikiwa cha moto kwenye maji baridi, kikapasuka vipandevipande, na kusagwa kati ya mawe ya kinu. Unga ukakorogwa ndani ya mapipa ya maji na kuachwa utuame. Punje kubwa zilizama kwanza. Hizo ndizo zilizokuwa na buluu nzito na bei kubwa. Unga mwembamba uliochelewa kuzama ulikuwa mweupe-mweupe na wa bei ya chini. Jambo hili huwachanganya waliozoea rangi nyingine, ambazo kadiri zinavyosagwa ndivyo zinavyokolea. Smalti ni kioo, na kioo kikisagwa sana hutawanya mwanga na kupauka.

Wachoraji walilipia ujinga huo na mwingine. Smalti ikichanganywa na mafuta, potashi yake hutoka polepole kwenye kioo na kuingia kwenye mafuta. Ioni ya kobalti, iliyokuwa imezungukwa na oksijeni nne, hubadilika na kuzungukwa na sita, na buluu inakufa. Anga nyingi za kijivu kwenye michoro ya karne ya 17 zilichorwa zikiwa buluu. Kwenye ufinyanzi hakuna tatizo hilo, kwa sababu kobalti imefungiwa ndani ya gileizi, lile tabaka la kioo la juu ya chombo, iliyoyeyuka na haina pa kwenda. Vyungu vyake vinabaki kama vilivyotoka tanurini.

Na hapo ndipo sisi wa pwani tunapoijua kobalti tangu zamani bila kuijua kwa jina. Mabakuli ya Kichina yenye maua ya buluu juu ya weupe, yaliyopachikwa kwenye makaburi ya Kunduchi na Mambrui, au vipande vilivyochimbuliwa Gedi: buluu ile ni kobalti. Kwa muda mrefu China iliagiza rangi hiyo kutoka Uajemi. Abu'l-Qasim wa Kashan, wa ukoo wa wafinyanzi, aliandika mwaka 1301 kwamba jiwe la buluu hutoka kijiji cha Qamsar, na mafundi huliita Sulaimani. Kwa hiyo upande mmoja wa dunia ulilipa jiwe hili jina la kibwengo, na upande mwingine ukalipa jina la Nabii aliyetiishiwa majini. Ni sadfa tu, lakini nzuri. Wachina baadaye walitumia pia kobalti ya kwao, iliyochanganyika na manganizi nyingi, na buluu yake ina ukijivu. Mtaalamu akiliangalia bakuli anaweza kuanza kukisia limetoka kwenye kobalti ipi. Wamisri walitangulia wote hao kwa mbali: vioo vya buluu vya zama za Amarna, karne ya 14 kabla ya Kristo, vilitiwa kobalti ya shabu iliyotoka oasisi za magharibi, Kharga na Dakhla.

Muda wote huo, hakuna aliyejua kwamba kuna metali mpya ndani yake. Wengi waliamini kwamba buluu inatokana na bismuti, kwa sababu bismuti hupatikana katika mishipa ileile na mara nyingi imeshikamana na kobalti. Wengine walisema ni arseniki iliyochanganyika na chuma.

Aliyekata mzizi wa fitina ni Georg Brandt, Msweden aliyezaliwa Riddarhyttan mwaka 1694 na kuwa mkuu wa maabara ya kemia ya Bodi ya Migodi mjini Stockholm. Katika maandishi yake ya 1735 kuhusu vile alivyoviita nusu-metali, alitaja sita: zebaki, bismuti, zinki, antimoni, arseniki na kobalti. Tano za kwanza zilijulikana. Ya sita ilikuwa madai mapya, na aliyatetea kwa kuilinganisha na bismuti hatua kwa hatua. Zikiyeyushwa pamoja, alisema, hazichanganyiki. Hukaa ubavu kwa ubavu na unaweza kuzitenganisha kwa nyundo. Bismuti huyeyuka upesi, na ukiendelea kuichoma inageuka unga wa njano. Kobalti haifanyi hivyo. Bismuti hushikana na zebaki, kobalti haishikani nayo kabisa. Bismuti iliyoyeyushwa kwenye asidi, ukiimimina kwenye maji matupu, hutoa mashapo meupe. Kobalti haitui hadi utie alkali, na mashapo yake ni meusi. Na la kumaliza ubishi: yeyusha kila moja na mchanga na potashi. Ya kobalti inatoa kioo cha buluu, ya bismuti haitoi.

Kipimo hicho cha mwisho ndicho chenye uzito wa kisheria, tuseme, kwa sababu kinarudi palepale biashara ilipokuwa. Dhahabu, shaba, chuma, risasi na nyinginezo hazina mgunduzi tunayemjua kwa jina. Kobalti ni metali ya kwanza tunayoweza kuandika mbele yake jina la aliyeigundua. Brandt angeweza kuipa jina la mfalme, la mungu wa Kirumi au la nchi yake, kama ilivyokuja kuwa desturi. Hakuhangaika. Aliliacha jina la wachimbaji kama lilivyo, na tusi la arseniki likapita moja kwa moja hadi kwenye metali iliyosafishwa arseniki yote. Mwaka 1789 Lavoisier, mkemia Mfaransa, alipoorodhesha elementi zake, kobalti ilikuwamo.

Nikeli ilipita njia hiyohiyo, na haihitaji maneno mengi. Kupfernickel lilikuwa jiwe jekundu kama shaba lisilotoa shaba. Kupfer ni shaba, na Nickel ni jina la utani la Nikolaus lililotumiwa kwa shetani au mtu mkorofi. Kumbe ni NiAs, nikeli na arseniki, na wekundu wake hauna uhusiano wowote na shaba. Axel Fredrik Cronstedt, mwanafunzi wa Brandt, alifanyia kazi madini ya mgodi wa kobalti wa Los, Sweden. Alikuta tabaka la kijani, akaliyeyusha kwenye asidi, akatumbukiza chuma akitarajia shaba ijishike juu yake kama kawaida. Haikujishika. Akauchoma ule unga wa kijani pamoja na makaa akapata metali nyeupe, ngumu, inayovutwa na sumaku. Alitoa habari mwaka 1751, na mwaka 1754 akaiita nikeli, baada ya kukata neno la shaba na kubakiza la shetani. Walimbishia kwamba ni mchanganyiko wa kobalti, chuma na shaba tu, mpaka mkemia Msweden Torbern Bergman alipoisafisha vizuri mwaka 1775.

Wolframu nayo ni ya milima hiyo, jina lenye mbwa mwitu ndani yake kwa sababu jiwe lake liliila bati tanurini. Ila kule arseniki haina kesi.

Jambo ambalo Brandt asingeweza kulikisia ni kwamba kobalti nyingi ya dunia ingekuja kutoka mahali ambapo jina la kobold haliwezi hata kuelezeka. Leo asilimia 70 hivi ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye ukanda wa shaba wa Katanga, kati ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya mgodini na sokoni. Mafundi wa huko waliyeyusha malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, kwa karne nyingi na kupiga misalaba ya shaba iliyotembea kama fedha. Kobalti ilikuwa kando ya mkono wao muda wote, katika jiwe jeusi lisilo na mng'ao. Hakuna aliyelilaani, kwa sababu halikumdhuru mtu kwa moshi. Jiwe kuu la kobalti la Katanga kwenye matabaka ya juu ni heterojeniti, CoOOH: kobalti, oksijeni na hidrojeni. Arseniki hamna.

Heterojeniti yenyewe, kwa kejeli ya historia, ilielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1872 kutokana na sampuli za Schneeberg. Jina lake ni la Kigiriki, maana yake ya jamii nyingine. Halina jini wala mzimu.

Tofauti hiyo ya jiwe hubadilisha kiwanda kizima. Mahali kama Bou Azzer nchini Morocco, ambako kobalti bado inachimbwa ikiwa imefungamana na arseniki, lazima uanze na swali la Agricola: arseniki utaipeleka wapi? Katanga unaanza na asidi ya salfuriki. Malakiti inayeyuka humo bila shida. Heterojeniti inagoma, kwa sababu kobalti yake iko katika hali ya chaji tatu, na hali hiyo haiyeyuki kirahisi kwenye asidi tupu. Inabidi uongeze kitu cha kuipunguza hadi chaji mbili: gesi ya dioksidi ya salfa, au metabisulfiti ya sodiamu. Kiwanda kinachobana matumizi ya kemikali hiyo hupata shaba yake yote na kuipeleka kobalti kwenye bwawa la marudio. Shaba huondolewa kwanza kwa vimumunyisho na umeme; kisha chuma, alumini na manganizi hupunguzwa; mwishowe kobalti hutuamishwa kwa magnesia na kupakiwa kwenye magunia kama hidroksidi, unga wenye unyevu ambao thuluthi yake hivi, ukikauka, ni kobalti. Huo ndio unaosafirishwa kwa lori kwenda bandarini, Dar es Salaam ikiwa mojawapo.

Tatizo la heterojeniti ni kwamba haina sura. Ni nyeusi, na oksidi za manganizi nazo ni nyeusi, na zote mbili huchafua vidole. Anayenunua kwa macho atanunua manganizi kwa bei ya kobalti. Kabla ya mashine za eksirei za mkononi, mtaalamu wa madini alitumia kipimo cha ushanga wa boraksi, ambacho ni kile kioo cha Brandt kilichopunguzwa hadi kichwa cha njiti ya kiberiti, na bado kinafaa.

Chukua waya wa platinamu au wa nikromu, sentimita 5 hivi, ukunje ncha iwe kitanzi cha milimita 3. Upashe hadi uwe mwekundu, uchovye kwenye unga wa boraksi, ile wanayotumia masonara, uurudishe motoni. Boraksi itaumuka na kutokota maji yake yakitoka, kisha itatulia kuwa tone angavu kama kioo. Likiwa bado moto, ligusishe kwenye unga wa jiwe; punje moja au mbili zinatosha. Rudisha kwenye sehemu ya nje ya mwali, penye hewa nyingi, mpaka punje ziyeyuke. Kobalti inatoa buluu, ushanga ukiwa moto na hata ukipoa. Manganizi inatoa zambarau. Shaba ni kijani ikiwa moto, buluu ya maji ikipoa, na hapo ndipo wengi hudanganyika, hasa kwa mawe ya Katanga ambayo hayakosi shaba. Hamishia ushanga kwenye sehemu ya ndani ya mwali, penye upungufu wa oksijeni. Manganizi inapoteza rangi kabisa, shaba inakuwa nyekundu isiyopitisha mwanga, na kobalti inabaki buluu vilevile.

Ushanga ukiwa mweusi, unga ulikuwa mwingi. Ukamue ungali laini, ubaki nusu, uongeze boraksi. Ukitoka buluu yenye ukijani, kuna chuma, ambacho peke yake hutoa njano. Kwa mawe yenye arseniki, choma unga kwanza juu ya kipande cha mkaa, nje ya nyumba na upande wa juu wa upepo, mpaka harufu ya kitunguu saumu ikome. Ukiruka hatua hiyo, arseniki itaungana na platinamu, waya utayeyuka kwenye kitanzi na kukatika, na platinamu haiuzwi kwa bei ya nikromu.